Shemeji, Moshi si mahali pa kupitia

Alhamisi

Yote yalianza na neno moja. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alipiga simu kutoka Tukuyu, mkoani Mbeya, kusema ana semina Arusha wiki ijayo, kuanzia Jumanne. "Kwa hiyo njiani nitapitia Moshi," akasema.

Nitapitia. Neno hilo limeniuma miaka yote niliyokaa Dar. Moshi kila mtu anapitia. Watalii wanapitia kwenda mlimani, wakishuka wanapitia kwenda Serengeti. Madereva wa malori wanapitia kwenda mpakani Holili. Hata sisi Wachaga, tunaotaniwa kwamba kila Desemba tunarudi "kuhesabiwa", mjini tunapitia kununua mkate na sukari, kisha huyoo, tunapandisha vijijini. Nikamwambia mke wangu ninaomba ruhusa kazini, nampeleka kaka yake mwenyewe, na atakaa siku nne nzima.

"Usimchoshe," akasema. Ananijua.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Mbezi, stendi ya Magufuli, ndani ya basi. Nilikuwa nimemkatia siti ya dirishani, upande wa kulia, kwa sababu ukitoka Dar mambo yote ya maana yako kulia: Usambara, Pare, halafu mwenyewe, Kilimanjaro. Chalinze alikuwa amelala. Segera alikuwa amelala. Korogwe aliamka akala chipsi mayai, akanunua machungwa, akalala tena. Nilimwacha. Nilikuwa natunza nguvu za kuanzia Same.

Kuanzia Same nikaanza kumwamsha. Tulipoipita Mwanga nikanyoosha kidole.

"Pale."

"Wapi?"

"Pale kwenye wingu."

"Naona wingu."

"Uko nyuma yake."

Akalitazama lile wingu kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mwenzake aliyelala. Halafu akasema, "Kwetu tuna Rungwe. Wenyewe hauna aibu."

Hapo nilinyamaza kwa adabu za ukwe tu. Nilipokwenda kutoa mahari Tukuyu nilikaa siku tatu, na huo Rungwe sikuuona hata kisigino. Niliona mvua. Mji ule mvua yake haina likizo. Lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyepokea ng'ombe zako.

Saa kumi jioni tukateremka stendi. Akajifuta jasho shingoni, akanitazama. "Hivi si huku ndiko kwenye barafu?"

Nikamweleza kwamba barafu iko mita 5,895 juu na sisi tuko chini ya mita elfu moja, kwa hiyo Moshi ni joto, na wanaoganda kwa baridi ni watu wa Arusha. Ndiyo maana nilimwambia aache sweta nyumbani. Akaitikia polepole.

Tulifikia kwa dada yangu, Njoro. Dada alipika wali kwa mchele wa Mabogini, unaolimwa hapo chini kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Nikamweleza shemeji kuhusu mifereji na msaada wa Wajapani miaka ya 1980. Akala sahani mbili, akashukuru sana, kisha akauliza kwa upole kabisa kama nimewahi kula mchele wa Kyela.

Ijumaa

Mlima wetu una tabia zake. Mchana unajifunika, na anayeutaka aamke mapema au asubiri jioni. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimgongea shemeji mlango. Akatoka amejifunga shuka. Tukasimama uani kwa dada, tumeelekea kaskazini, tunatazama kitu cheupe kilichoanzia juu ya bati la jirani hadi mbinguni.

Aprili, jamani. Ni masika. Kosa ni langu.

Nikaona badala ya kumwonyesha mlima nimsimulie. Nikamwambia vilele vyake, Kibo na Mawenzi. Nikamwambia Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walivyofika kileleni 1889, na mzee Yohani Lauwo wa Marangu anayetajwa kuwa kiongozi wao. Nikamwambia usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, luteni Alexander Nyirenda alivyosimamisha bendera na mwenge juu kabisa.

"Nyirenda?" Shemeji akachangamka kwa mara ya kwanza. "Hilo si jina la huku kwetu, ng'ambo ya mto Songwe?"

Nikarudi ndani kunywa maji. Nilipotoka nilimkuta mbele ya kalenda ya dada, ile yenye picha ya Kibo kukiwa kweupe pe. "Nimeshauona," akasema. "Twende mjini."

Na mjini ndiko nilikokuwa natafuta. Mwenye Moshi wake hashindani kwa mlima. Mlima ni wa Mungu, wala hakuna wa kujisifia kwamba aliusaidia kukua. Mji ndio wetu.

Nilianzia stesheni. Watu wengi, hata wazaliwa, hawajui kwamba Moshi hii ya chini ni mtoto wa reli. Moshi yenyewe, ile ya Mangi Rindi, yaani chifu, na mwanawe Meli, iko juu kwenye migomba, na ndiyo maana hadi leo inaitwa Old Moshi. Wajerumani nao walijenga boma lao huko. Kisha reli ya kutoka Tanga ikafika hapa bondeni mwaka 1911, na kila kitu kikateremka kuifuata: ofisi, maduka, na jina lenyewe. Kwa miaka 18 treni ikawa inaishia hapa. Arusha waliipata 1929. Nilirudia tarehe hiyo mara mbili, taratibu, ili shemeji aende nayo kwenye semina.

Halafu treni ya abiria ikapotea kwa miaka mingi. Tulikua tukicheza juu ya reli iliyoota majani, na mtu akikwambia "nakuja na treni" ujue haji. Ilirudi Desemba 2019. Siku hiyo nilikuwa Dar, nilitumiwa video ya dakika moja ya watu wamesimama kandokando ya reli wakipunga mikono, na nikaitazama hadi chaji ikaisha. Shemeji alisikiliza yote hayo amekaa kwenye benchi la stesheni, akimenya chungwa la Korogwe. Aliniambia Mbeya wana Tazara.

Kutoka stesheni tulitembea. Jambo ambalo sisemi kwa upendeleo: Moshi mjini unatembea bila mtu kukusukuma. Barabara zimenyooka, kuna miti, na kuna vibaraza vya maduka ya zamani ya Wahindi ambavyo mvua ikinyesha unapita chini yake mtaa mzima bila kulowa. Kwenye vibaraza hivyo ndiko wanakokaa mafundi cherehani. Basi la jana lilikuwa limemchana shemeji pindo la suruali kwenye chuma cha siti, akawa anaburuza uzi. Fundi mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikio moja, alimwita kabla hatujafika. "Baba, njoo hapa, unadhalilika."

Hakumvua suruali. Alimketisha kwenye kigoda, akamwambia anyooshe mguu, akalishona pindo hapohapo kwa mkono, sindano inaingia na kutoka karibu na kifundo, huku mguu wake mwenyewe ukikanyaga pedali ya cherehani isiyoshona kitu, kwa mazoea tu. Akakata uzi kwa meno.

"Mgeni wa wapi?"

"Tukuyu."

"Mbali. Unapitia?"

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama pembeni, kwenye lundo la vitambaa.

"Hapana, fundi," akasema. "Nimekuja."

Ningeweza kurudi Dar muda uleule.

Furaha ilidumu kama mita 200. Shemeji alinunua karanga, akazimaliza, akaiachia ile karatasi ikadondoka. Hakuwa na nia mbaya, ni mkono tu. Nyuma yetu sauti ya mama mmoja ikaita, tamu kabisa: "Baba, umeangusha kitu chako." Shemeji akageuka akidhani ni pochi. Yule mama alikuwa amesimama kando ya ile karatasi anaingoja, kama mtu aliyemkuta mtoto aliyepotea. Shemeji akairudia, akaiokota, akashukuru. Moshi ina jina la usafi nchi nzima, na jina hilo halilindwi na mgambo peke yao. Ile karatasi alikaa nayo mfukoni hadi Jumapili, ingawa nilimwonyesha mapipa.

Mnara wa Saa tulisimama kwa muda. "Arusha nao wanao," akasema. Wanao, nikamjibu, na wa kwao wanakwambia uko katikati ya Cairo na Cape Town. Wa kwetu unakwambia saa.

Hapo kwenye mzunguko nikamwonyesha majengo ya kahawa, na hapa naomba nivumiliwe kidogo. Wakati walowezi wa Kizungu walikuwa hawataki Mwafrika alime kahawa, wazee wa Kichaga walijipanga wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925. Mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Watoto wengi wa hapa wamesomeshwa na debe la kahawa. Baba yangu ni mmojawapo, na alikuwa akilipita lile jengo anavua kofia, nikidhani ni kanisa. Chuo cha ushirika kilichoanzishwa 1963, ambacho sasa ni chuo kikuu, hakikuangukia Moshi kwa bahati nasibu. "Hata kahawa yenu ya Mbeya," nikamwambia, sauti imepanda, "miaka mingi ilikuwa inaletwa hapa kupigwa mnada!"

"Kumbe," akasema shemeji. "Tuliwajazia soko."

Mchana tukala mtori. Sitaueleza. Mwenye kuujua anaujua, na asiyeujua akielezwa kwamba ni ndizi zilizopondwa na nyama ya mifupa atadhani ni chakula cha mgonjwa. Shemeji aliinamia bakuli, hakuinua kichwa hadi kijiko kilipogonga chini. Nikasubiri. Akaufuta mdomo, akavuta pumzi.

"Ndizi hizi," akaanza, "kwetu..."

Nikaita bili.

Jumamosi

Old Moshi, kwa mama. Tulipanda Noah pale Kiboriloni, watu wanane mbele ya macho ya trafiki na kumi na moja baada ya kona. Lami ilikuwa na utelezi wa mvua, migomba imetuinamia pande zote mbili, na kila tulipopanda baridi iliongezeka kidogo. Shemeji alikuwa na shati la mikono mifupi, kwa ushauri wangu.

Kabla ya nyumbani nilimteremsha Tsuduni, kwenye mti. Hapa sikuwa na mzaha. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha, jumla yao 19. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka na miaka. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukipita hapo kwenda shule, na bibi alitukataza kurusha mawe upande ule. Shemeji alizunguka mti, akasimama, akavua kofia. Alinyamaza hadi tulipofika getini kwa mama, na siku hiyo nzima hakusema "kwetu".

Karibu siku nzima.

Mama alimpokea kwa mikono miwili, "karibu mwanangu, karibu, mbona hujavaa kitu?", akanitazama mimi. Akamfunga khanga mabegani, juu yake blanketi. Mimi nikamtembeza kihambani, naye amevaa hivyo hivyo kama mangi mstaafu: migomba juu, kahawa katikati, maharage na magimbi chini, na mfongo wa maji unaokatiza nyuma ya zizi, uliochimbwa na wazee na mpaka leo una zamu zake za kumwagilia. Kahawa yenyewe ilikuwa bado kijani kibichi, ngumu kama shanga. Nilitamani angekuja Agosti, aone matunda yanavyoiva mekundu. Nilimwambia aguse. Akagusa.

Nilikuwa nimejipanga kumaliza mashindano yote kwa kikombe kimoja. Tukaketi. Nje mvua, ndani moshi wa jikoni, mgeni anatetemeka. Saa ya kahawa ya Kilimanjaro imefika. Mama akaingia na chupa, akamimina.

Chai.

Nilisahau kitu ambacho kila Mchaga anakijua: sisi kahawa tunalima, hatunywi. Kahawa ni ya kuuza. Mgeni wa heshima anapewa chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi. Shemeji akanywa akafumba macho. Akanywa tena. "Mama, hii chai ni nzuri mno. Majani gani haya?"

Mama akamletea pakiti. Shemeji akaigeuza, akaisoma nyuma, kisha akanikabidhi bila neno, kidole gumba kimesimama chini ya mstari ulioandikwa kwamba majani hayo yametoka Tukuyu.

Mama hakuelewa kwa nini mgeni anacheka hadi blanketi linaanguka. Jioni jirani alileta mbege kwenye ndoo ndogo, na kata. Nilimweleza shemeji inavyotengenezwa, ndizi mbivu zilizopikwa, ulezi, na gamba la msesewe la kutia uchungu, na safari hii alikiri kwamba hii hawana. Alikiri mara tatu. Kata ya tatu alimwita mama yangu mama mkwe, jambo ambalo kiukoo halipo.

Jumapili

Mvua. Kanisani asubuhi, ibada ndefu, mnada wa mazao baada ya ibada. Shemeji alinunua mkungu wa ndizi mchare kwa bei ya juu kuliko mtu yeyote usharikani, kwa sababu alipunga mkono kumsalimia mzee wa kanisa. Hatukuona mlima. Tukarudi Njoro na mkungu.

Jumatatu

Nilimwamsha saa kumi na moja na nusu. Wingu. Akaniambia, "Shemeji, mimi nimeridhika, wewe ndiye bado." Akarudi kulala.

Saa tatu akasema anatoka kidogo kununua vocha. Saa nne hajarudi. Saa tano nampigia, simu inaita haipokelewi. Saa sita kasoro akatokea amevaa koti. Koti la haja, jeusi, zito, lenye kofia na zipu hadi kidevuni, lile ambalo ukilivaa Moshi mchana unaweza kuzimia. Alikuwa ametoka soko la Memorial, kwenye mitumba. Uso wake ulikuwa uso niliokuwa nautafuta tangu Alhamisi kule Mwanga.

"Shemeji," akasema, ananishika bega, "huu mji una makoti!"

Nikamkumbusha reli ya 1911. Akaniambia zipu yake ni ya chuma. Nikamkumbusha KNCU. Akaniambia ndani lina mfuko wa siri. Alimpigia dada yake, yaani mke wangu, na kwa dakika tano nilimsikia akimweleza Moshi: watu wastaarabu, fundi alinishona nimekaa, mji msafi, mama mkwe ana chai nzuri, na makoti, we acha! Arusha si kuna baridi? Basi.

Saa nane nikampeleka stendi, nikampandisha Kosta ya Arusha na mkungu wake juu ya keria. Siti zilizobaki zilikuwa za nyuma kabisa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia wakifika Boma Ng'ombe ajue bado yuko mkoa wa Kilimanjaro, na akiona kibao cha uwanja wa ndege wa KIA ajue hapo napo ni Hai, mkoa wa Kilimanjaro, hata kama kila anayeshukia pale anasema ametua Arusha. Akaniahidi atajua.

Nilikuwa bado mjini, nakunywa soda kwenye kibaraza karibu na yule fundi, ujumbe ulipoingia saa kumi na nusu. Picha. Wameegesha Usa River, wilaya ya Arumeru, mvua imekatika. Shemeji amesimama kando ya barabara amevaa koti, kofia kichwani, meno yote nje. Na nyuma yake, juu ya migunga, mbali na kubwa, bila wingu hata la kufutia machozi, Kibo. Theluji yote. Mpaka Mawenzi pembeni na meno yake.

Chini ameandika: "Shemeji, nimeuona! Kumbe unaonekana vizuri ukiwa Arusha."

Nikasimama, nikatoka barabarani, nikatazama kaskazini. Wingu, kuanzia juu ya bati hadi mbinguni. Fundi akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwetu Dar, juu ya televisheni. Mke wangu ndiye aliyeitengenezea fremu. Wageni wakiuliza hapo ni wapi, anawahi kujibu yeye.